Jua Likipatwa, Tazama Chini

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Februari 1980, nilikuwa mwana wa chuoni wa miaka kumi hivi. Chuo chetu kilikuwa banda la makuti katika mtaa mmoja wa Mombasa. Siku ile mwalimu alifanya jambo ambalo hakulifanya kabla yake wala baada yake. Kabla ya saa tano za asubuhi alisimama, akafunga madirisha yote mawili, akaurudisha mlango, akasema: "Wanangu, leo jua litapatwa. Asitoke mtu nje, wala asiinue mtu uso wake mbinguni. Haya, someni."

Tukasoma, lakini nyoyo zetu zilikuwa nje. Mwangaza ulipungua kidogo kidogo. Haukuwa mwangaza wa magharibi wenye wekundu. Ulikuwa mweupe, umefifia, kama wa siku ya mawingu, na mawingu hayakuwapo. Ndipo mmoja wetu alipoacha kusoma akanyosha kidole mkekani.

Makuti ya chuo yalikuwa ya zamani, yana vitundu. Siku zote kila kitundu kiliangusha doa la mwangaza juu ya mkeka, doa la mviringo, nasi tulikuwa na mchezo wa kutia kiganja chini yake tukajidai tumeshika shilingi. Siku ile madoa yale hayakuwa ya mviringo. Kila moja lilikuwa hilali. Hilali juu ya mikeka, hilali juu ya juzuu, hilali migongoni mwa wenzetu waliovaa kanzu, zote zimegeuka upande mmoja kama watu walio katika safu.

"Mwalimu!" akapiga kelele yule mwenzetu. "Miezi imeshuka chuoni!"

Mwalimu akaja, akainama, akatia mkono wake pale, ile hilali ikapanda juu ya kiganja chake. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Subhanallah," akatupanga akatuswalisha. Hakutueleza sababu ya jambo lile kwa kuwa hakuijua, wala hakujifanya kuijua. Namwombea rehema kwa hilo mpaka leo.

Lakini mmoja katika sisi hakuwamo. Sahibu yangu mmoja alitoroka kabla mlango haujafungwa, akajiunga na wavulana wa mtaani waliokuwa wakishindana nani atakayelikodolea macho jua muda mrefu zaidi. Akashinda. Hakusikia maumivu yoyote. Jioni aliniambia kuna doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Tukadhani litaondoka kwa kulala. Halikuondoka. Akitazama uso wa mtu huona masikio na ukingo wa kofia, lakini pua na macho yamemezwa. Akifungua msahafu, neno analotaka kulisoma ndilo lisiloonekana. Kisomo chake alikimaliza kwa kusikiliza, sisi tukimsomea naye akirudia. Amenipa ruhusa niseme habari yake bila ya kumtaja jina.

Msomaji mpenzi, jua lilikuwa moja na saa ilikuwa moja. Aliyeinua uso alipata hasara ya umri mzima, na sisi tulioinamisha nyuso tuliona yote aliyoyaona yeye na zaidi, tumekaa mkekani. Hayo ndiyo niliyokusudia kuyazungumza leo.

Kila tundu huchora jua

Siku ile ya 1980 kivuli kizito cha mwezi kilipita upande wa Taita na Voi, huko mchana ukawa usiku kwa dakika chache. Mombasa ilibaki kando. Jua letu lilibanwa likawa kama ukucha, wala halikumalizika. Watu wengi hudhani kupatwa kwa sehemu ni jambo dogo lisilo na la kutazamwa. La. Maajabu ya vivuli na mianga ninayoyaeleza hapa huonekana jua linapopatwa nusu au robo tatu, na sehemu nyingi za dunia hupata hayo mara kwa mara, ambapo giza kamili mtu aweza kuishi akafa asilione mahali pake.

Sababu yake ni nyepesi. Mwangaza husafiri moja kwa moja, haupindi kona. Miali itokayo ukingo wa juu wa jua ikipita katika kitundu kidogo huangukia chini, na ile itokayo ukingo wa chini huangukia juu. Vivyo hivyo kulia na kushoto. Kwa hivyo kitundu huchora sakafuni sura kamili ya jua, imepinduliwa. Hata kitundu chenyewe kikiwa cha pembe tatu, madhali ni kidogo na sakafu iko mbali, doa litakuwa la mviringo, kwa sababu lile doa si sura ya tundu. Ni sura ya jua.

Basi fahamu jambo hili: yale madoa ya mviringo uyaonayo chini ya mwarobaini kila siku ya Mungu ni picha za jua. Baina ya jani na jani kuna nafasi, na kila nafasi ni kitundu. Tunazikanyaga jua mia kwenda sokoni na jua mia kurudi, nasi hatuna habari, kwa kuwa jua ni mviringo na doa ni mviringo, na macho yamezoea. Siku mwezi unapolikata jua kipande, picha zote hukatwa kipande kwa pamoja, ndipo tunaposhtuka.

Na hesabu yake mtoto mwenye rula aweza kuipima. Umbali wa jua na sisi ni mara 107 hivi ya upana wa jua lenyewe. Basi na doa nalo upana wake ni sehemu moja katika 107 ya umbali wa kutoka tunduni hadi sakafuni. Tundu likiwa mita 1 juu, doa ni milimita 9 hivi. Likiwa mita 3 juu, kama makuti ya chuo chetu, doa hukaribia sentimita 3.

Mwanachuoni wa Basra

Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika maswali yaliyokusanywa na wafuasi wa Aristotle huko Uyunani mna swali hili hili: kwa nini jua likipatwa, mwangaza upitao katika chekeche, au baina ya majani ya mti, au baina ya vidole vilivyopishanishwa, huanguka chini kwa umbo la hilali? Waliuliza, lakini jawabu la kutosheleza hawakulipata.

Aliyelishika swali hilo sawasawa ni mwanachuoni wa Kiislamu, Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufa Kairo kiasi cha mwaka 1040. Huyu ndiye mwenye kitabu mashuhuri cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir. Mbali na kitabu hicho aliandika risala nzima juu ya umbo la kupatwa. Humo ameeleza kuwa jua lililopatwa bila kufunikwa lote, mwangaza wake ukipita katika tundu jembamba na kuangukia kiwambo kilicho mkabala, huonekana kwa umbo la hilali. Tena akauliza: mbona mwezi wenyewe ukiwa hilali, mwangaza wake ukipita katika tundu kama lile hauonyeshi hilali? Akapima tundu dogo na tundu kubwa, akabainisha kwamba tundu likipanuka mno, sura ya jua hupotea na hubaki sura ya tundu. Ndiyo maana dirisha lako huangusha umbo la dirisha. Miaka mia tatu hivi baadaye Mwajemi mmoja, Kamal al-Din al-Farisi, aliisherehesha kazi hiyo na kuiendeleza.

Nayataja haya kwa sababu siku hizi kijana wetu akisikia habari ya jua na mwezi hudhani ni elimu ya watu wengine, na kwamba fungu letu sisi ni kuogopa tu. Sivyo. Wazee wetu katika dini waliswali na wakapima. Moja halikulizuia jingine.

Kofia, vidole na mwarobaini

Tarehe 1 Septemba 2016, siku ya Alhamisi, jua lilipatwa tena. Huko Rujewa, kusini mwa Tanzania, mwezi ulikaa katikati ya jua likabaki kama pete. Sisi Mombasa tulipata sehemu, lakini sehemu kubwa. Lilianza baada ya saa nne za asubuhi na kufikia kilele karibu na saa sita. Safari hii sikujifungia ndani. Niliwakusanya wana wa ndugu yangu uani, chini ya mwarobaini, nikawapa sharti moja: migongo kwenye jua, nyuso chini.

Wakati ule jua la Mombasa lilikuwa karibu na utosi, kwa hivyo madoa hayakurefuka, yalianguka yamenyooka chini ya mti. Mwanzoni kila doa lilikuwa na pengo dogo, kama andazi lililong'atwa. Kisha pengo likakua. Ilipokaribia saa sita uani kulijaa hilali tupu, kubwa kwa ndogo, kila moja kwa kimo cha tawi lake, na upepo ukivuma zote hutetemeka pamoja. Yule mdogo wao akajaribu kuzikwepa asizikanyage. "Ami," akaniuliza, "nikiikanyaga itavunjika?"

Nikavua kofia yangu. Ni kofia ya mkono, yale mashono yetu ya vitundu vilivyozungushiwa uzi. Nikaiinua shibiri moja juu ya karatasi nyeupe, upande mmoja wa nguo ukielekea jua. Karatasini zikatokea hilali ndogo ndogo kama punje za mchele, safu kwa safu, kwa nakshi ile ile ya mshonaji. Nikiinua juu zaidi, hilali zinakua zinapandana, nakshi inavurugika. Nikishusha mno, yanabaki matundu ya kofia tu. Pana kimo chake, lazima ukitafute. Na asiye na kofia apishanishe vidole vya mkono huu juu ya vidole vya mkono huu, na vile vidirisha vya katikati vitafanya kazi ile ile.

La pili tuliloliona ni vivuli. Siku za kawaida kivuli cha mtu kina ukungu pembezoni, kwa kuwa jua lina upana, na kila sehemu yake hutupa kivuli chake mbali kidogo na mwenzake. Jua likibanwa likawa jembamba, ule ukungu hupungua. Nilinyosha mkono juu ya karatasi nikaona kivuli cha vinyweleo vyangu, unywele mmoja mmoja. Lakini ajabu ni kuwa haiwi hivyo kwa pande zote. Kijiti ukikilaza sambamba na urefu wa ile hilali, kivuli chake ni kikali kama ukingo wa wembe. Ukikigeuza kikakata hilali, kivuli kinafifia. Watoto walifanya mchezo wa kuzungusha kijiti kile mpaka wakachoka.

La tatu ni mwangaza wenyewe. Jua lilikuwa limekwisha kuliwa sehemu kubwa, na mama mmoja akapita njiani na kikapu chake akatuona tumeinama, akauliza, "Mwatafuta nini, mmeangusha pesa?" Hakujua kuwa jua limepatwa. Jicho hujizoeza, mwangaza ukipungua polepole mboni hupanuka, na mtu haoni tofauti. Kunguru nao waliendelea na ukorofi wao kama kawaida. Hapo ndipo ilipo hatari. Jua linaloonekana limepoa humshawishi mtu kulitazama, mboni yake iko wazi, na kile kipande kilichobaki kina ukali wake ule ule. Kiwambo cha ndani ya jicho hakina maumivu. Kinaungua kimya kimya, kama alivyounguzwa sahibu yangu.

Yaliyotokea Madina

Kiswahili chetu chasema jua "limepatwa," kama mtu aliyepatwa na msiba. Labda neno hilo ndilo linalotutia hofu ya kutafuta aliyekufa au atakayekufa. Lakini jambo hili lilikatwa shauri tangu zama za Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Alifiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Maria Mkibti, na siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Kama angekuwa mtu wa kutaka ukubwa, pasingekuwa na siku bora ya kunyamaza akaacha maneno yaenee. Naye alikuwa mzazi mwenye majonzi. Lakini hakunyamaza. Aliwaambia kwa maana hii: jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu, mkiona hivyo, swalini na mwombeni Mungu mpaka liondoke. Habari hii wameipokea masahaba, akiwemo Mughira bin Shu'ba.

Wanahesabu wa nyota wamerudi nyuma kwa hesabu zao wakakuta kuwa kupatwa kulikoonekana Madina katika mwaka wa 10 Hijria kulikuwa tarehe 27 Januari 632. Madina jua lilipatwa sehemu, halikuzimika lote. Basi lile kupatwa tunalodhani ni dogo ndilo aina ile ile iliyomtoa Mtume kwa haraka kwenda msikitini.

Swala yenyewe tunaijua: rakaa mbili, kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, kisomo kirefu, bila adhana wala ikama, watu huitwa tu kuwa ni swala ya jamaa. Kwetu Mashafii ya jua husomwa kwa siri, ya mwezi husomwa kwa sauti. Baada yake hotuba, toba na sadaka. Na angalia hekima yake: mwenye kuswali huelekeza macho mahali pa sijida. Katika saa ile ambayo jicho lina hatari ya kuunguzwa, muumini ameamrishwa jambo litakalomwinamisha macho. Ukiswali uani au baraza yenye makuti, huenda ukaiona hilali mahali pa paji lako la uso.

Hilali kabla ya hilali

Pana faida nyingine, na hii yatuhusu zaidi sisi tunaogombana kila mwaka kwa mwandamo. Jua halipatwi ila mwishoni mwa mwezi wa Kiislamu, kwa kuwa ndio wakati mwezi unapopita baina yetu na jua. Siku zile mwezi hatuuoni, twasema umefichama. Kupatwa kwa jua ndiko kunakotuonyesha ulipo. Lile pengo jeusi katika doa la mkekani ndio mwezi wenyewe.

Ile tarehe 1 Septemba 2016 ilikuwa mwisho wa Dhulqaada 1437, watu wakingojea mwandamo wa Dhulhijja. Mwezi ulikutana na jua kama saa sita mchana. Jioni jua lilipokuchwa ulikuwa na umri wa saa sita hivi, mchanga mno kuonekana kwa jicho. Hilali zile za chini ya mwarobaini zingeweza kutuambia tusubiri jioni ya pili. Sitaki kuingia kazi ya makadhi na masheikh; nasema tu kwamba elimu ya hesabu na ushahidi wa macho si maadui kama tunavyovifanya.

Nasaha

Mwenyezi Mungu akituweka, tarehe 2 Agosti 2027, Jumatatu, mwishoni mwa Safar 1449, jua litapatwa tena. Kivuli kizito kitapita Luxor huko Misri, kivuke bahari hadi Jedda na Makka, kiende Yemen na ncha ya Somalia. Makka itakuwa gizani kwa dakika 5 hivi, mchana. Sisi wa pwani ya Kenya tutapata sehemu. Basi tujitayarishe mapema.

Mzazi, usimfungie mwanao ndani ukadhani umemaliza kazi. Atatoroka kama alivyotoroka yule wetu. Mpe la kutazama. Twaa kipande cha kadibodi, kitoboe kwa sindano, simama umelipa jua mgongo, mwangaza upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Usichungulie jua kupitia tundu hilo. Tundu ni la mwangaza, si la jicho. Miwani ya jua ya dukani haitoshi. Kioo kilichofukizwa moshi, filamu ya eksirei, beseni la maji, vyote hivyo havifai. Ikiwa mtu lazima aelekeze uso juu, na avae miwani maalumu iliyotengenezwa kwa kupatwa kwa jua na isiyo na mkwaruzo.

Sahibu yangu nilimpelekea habari za ile siku ya 2016. Nilimweleza mwarobaini, kofia na kijiti. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na watoto wote wako salama macho yao?" Nikamwambia, wote. Akasema, "Alhamdulillahi. Waandikie na wengine." Nami nimewaandikia, na hii beti moja nawaachia:

Jua lapatwa angani, silitumbulie macho,
Utazame mchangani, uone kilicho ficho,
Swali uombe Manani, kwa adabu na kwa kicho,
Ni amana duniani, usiliunguze jicho.